Binti anayejua kukataa: kwa nini wachezaji huvutwa na wahusika wa kike wa michezo ya uchumba ya Kijapani

#1 – Mleta mada

Wanajukwaa, salaam.

Kila mara michezo ya uchumba ya Kijapani inapotajwa, jibu hutolewa kwa haraka kwamba vijana wapweke wamechorewa wasichana wazuri wenye macho makubwa, wakavutika nao, na habari ikaishia hapo. Nimeicheza michezo hii kwa miaka mingi na kusoma habari zake kadiri nilivyoweza, na jibu hilo halijawahi kunitosheleza. Ingekuwa uzuri wa sura ndio sababu, picha moja ya kubandika ukutani ingemtosha mtu, wala asingekaa saa arobaini mbele ya skrini akimhimiza kijana wa kubuni asome hisabati, afanye mazoezi na achane nywele, ili msichana wa nyumba ya jirani akubali tu kurudi naye nyumbani baada ya masomo. Ninachoamini, na ninachotaka kukitetea katika uzi huu, ni kwamba mchezaji hukamatwa na jambo jingine: binti yule anaweka hesabu ya mwenendo wake. Anamwona, anamkumbuka, anaumizwa naye, na ana uwezo wa kumkataa.

Nianzie pale ambapo fani hii, ambayo Wajapani huiita *gyaruge*, yaani michezo ya wasichana, ilipata umbo lake. Michezo ya kumfuatia msichana ilikuwapo mapema. Mwaka 1987 Nintendo na Square walitoa mchezo uliojengwa juu ya mwimbaji Nakayama Miho, ambamo mchezaji alipewa namba za simu za kweli, akapiga na kusikia sauti ya msanii huyo iliyorekodiwa. Na mwaka 1992 kampuni ya elf ikatoa *Dōkyūsei*, mchezo wa watu wazima ambao uliwapa wasichana wake familia, hadithi na masumbuko yao wenyewe. Lakini mchezo ulioweka kanuni ni *Tokimeki Memorial* wa kampuni ya Konami, uliotoka tarehe 27 Mei 1994 kwa ajili ya mashine ya michezo iitwayo PC Engine na mwaka uliofuata ukaletwa kwenye PlayStation.

Mchezaji ni mwanafunzi mpya wa shule ya sekondari ya juu ya Kirameki, na amepewa miaka mitatu hadi mahafali. Wiki baada ya wiki huamua kama kijana wake atasoma fasihi au sayansi, atafanya mazoezi, atajishughulisha na sanaa, atajitengeneza sura, au atapumzika kabla mwili haujamshinda. Viko vipimo tisa vinavyoonekana ambavyo hupanda na kushuka kulingana na maamuzi hayo. Vingine vitatu vimefichwa, navyo vinahusu msichana mwenyewe: moyo wake unamdunda kiasi gani kwa ajili ya kijana, urafiki wake naye umefikia wapi, na ameumia kiasi gani.

Hicho cha tatu ndicho ninachowaomba mkitazame vizuri. Mchezaji akimzoea msichana kisha akamsahau, maumivu ya yule msichana hukua kimyakimya, mpaka siku moja alama ya bomu inaonekana kando ya jina lake. Na bomu likilipuka, habari za ubaya wa kijana huenea shuleni, na wasichana wote, hata wale ambao hakuwakosea, hupoa kwake. Kwa hiyo mtu aliyekuja kumtafuta mmoja hujikuta akiwatunza wengi, akiwapigia simu wale ambao hakukusudia kuwapigia, kwa kuwa amekwisha kuelewa kwamba ukimya wake unamuumiza mtu. Ni hesabu za mashine, nakubali. Lakini ni watengenezaji wangapi wa michezo waliowahi kukaa na kufikiri kwamba kumpuuza mtu ni tendo, na kwamba lina matokeo?

Sasa tumtazame Fujisaki Shiori, ambaye amesimama katikati ya mchezo huo. Ni jirani, wamekua pamoja, ni mzuri wa sura, hodari darasani na hodari uwanjani. Kwa kuwa alimjua kijana tangu utoto, mtu angetarajia awe wa kwanza kumkubali. Kumbe ndiye mgumu kuliko karibu wote. Anataka kijana awe juu katika karibu kila kipimo, na mwanzoni ukimwomba mrudi nyumbani pamoja anakujibu kwamba ataona haya marafiki wakija kuwasema. Jibu hilo fupi limebaki kuwa miongoni mwa maneno yanayokumbukwa sana na wachezaji wa Kijapani wa rika lile, nami naona sababu yake ni kwamba halina ukatili wowote. Hakutukani, wala hakudharau. Anakuambia tu kwamba kwake wewe bado si mtu ambaye angependa kuonekana naye, na kila mmoja wetu aliyewahi kuwa na umri wa miaka kumi na sita analifahamu jibu la namna hiyo.

Jambo la mwisho kuhusu mchezo huu, nalo ndilo lililonifanya niandike. Shuleni pale kuna mti mkubwa, na inasemekana kwamba mapenzi yatakayotamkwa na msichana chini yake siku ya mahafali hudumu milele. Neno la msingi hapo ni msichana. Kijana hafanyi tamko. Amehangaika miaka mitatu, amekesha na vitabu, amekimbia viwanja, amekumbuka siku za kuzaliwa, lakini siku yenyewe ikifika hana la kufanya isipokuwa kungoja barua ya kumwita pale mtini. Ikiwa hakuna aliyeiandika, anahitimu peke yake na maandishi ya mwisho yanapita.

Hoja hii ya jasho, yaani kwamba juhudi za mchezaji ndizo zinazoupa mchezo maana, haiko kwenye vichwa vya mashabiki peke yake. Ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Japani. Kulikuwa na muuzaji aliyeingiza nchini humo kadi za kumbukumbu zilizokwisha kujazwa data za *Tokimeki Memorial*. Ukiichomeka kadi hiyo, kijana wako anaanza shule akiwa na vipimo ambavyo kwa kawaida asingeweza kuwa navyo, au anarushwa moja kwa moja hadi siku za mwisho kabla ya mahafali, ambapo binti anayemtamani lazima amtamkie. Konami ilishtaki, ikashindwa mbele ya mahakama ya wilaya ya Osaka, ikashinda katika rufaa mwaka 1999, na tarehe 13 Februari 2001 Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu ya rufaa. Majaji walieleza kwamba vipimo vile ndivyo vinavyomchora mhusika mkuu kuwa mtu wa namna fulani, na hadithi hukua kufuatana navyo. Hivyo kuvijaza kutoka nje ni kuibadilisha kazi ya mtunzi kinyume cha haki yake. Wanasheria wataijadili hukumu hiyo kwa namna yao. Mimi naisoma kama mchezaji, na kwa jicho hilo nauliza: mtu aliyenunua kadi ile alipata nini? Alimpata Shiori mwenye uso uleule, sauti ileile, maneno yaleyale chini ya mti uleule. Alichokosa ni ile miaka mitatu ambayo ndani yake Shiori alikuwa akimtazama, na bila miaka hiyo maneno yale hayamhusu yeye.

Karibuni tujadili.

#2 – Mchangiaji

Ndugu mleta mada, nimekusoma mpaka mwisho na ninashukuru kwa uzi ulioandikwa kwa utulivu. Hata hivyo nina mambo mawili ya kukupinga.

La kwanza ni dogo. Umeandika kana kwamba mchezaji ni mwanamume tu. Septemba 1994, mwaka uleule wa *Tokimeki Memorial*, kampuni ya Koei ilitoa *Angelique*, mchezo uliotengenezwa na kikundi chake cha wanawake kinachoitwa Ruby Party kwa ajili ya wachezaji wanawake, na huo ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa michezo ya mapenzi ya kike huko Japani. Konami wenyewe mwaka 2002 walitoa *Tokimeki Memorial Girl's Side*, ambamo mchezaji ni msichana na wanaofuatwa ni wavulana. Mimi ni mwanamke, nimecheza ya pande zote mbili, na wahusika wa kike wa michezo ya wanaume wananivuta kama wanavyokuvuta wewe, pasipo kuwataka kimapenzi. Wako wengi kama mimi. Tukisema mvuto wote ni tamaa ya mwanamume kwa mwanamke, tutashindwa kuwaeleza hawa.

La pili ndilo zito. Unasema binti ana uwezo wa kukataa. Je, kweli anao? Shiori anakataa mpaka vipimo vitimie, vikishatimia hana tena uwezo wa kusema hapana. Hilo kwangu si kukataa, ni kufuli. Kufuli nalo halifunguki mpaka upate ufunguo wake, lakini hakuna anayesema kufuli lina hiari. Tena vitabu vya mwongozo viliuzwa vikieleza ufunguo wa kila msichana. Mchezo unaomfundisha kijana kwamba moyo wa mwanamke ni jumla ya alama, na kwamba ukishalipa unastahili kupewa, unanitia wasiwasi, na sidhani kwamba mti mzuri wa hadithi unaufuta wasiwasi huo.

Halafu yupo Nijino Saki. Huyu ni binti anayesimamia timu ya michezo, mpole, anayewapikia wachezaji, na si mgumu kumpata hata kidogo. Mashabiki walimpenda mno, hata Konami walipoanza mfululizo wa michezo ya maigizo mwaka 1997, wa kwanza, ambao uliongozwa na mtengenezaji michezo Kojima Hideo, walimpa yeye. Kama siri ya mvuto ni kukataa, Saki unamweka wapi?

#3 – Mleta mada

Dada yangu wa namba 2, swali la Saki limenikaa usiku kucha, na kwa sababu yake nalazimika kurekebisha kauli niliyoiweka kwenye kichwa cha uzi.

Ni kweli Saki hakatai. Anachokijali ni kimoja, nacho ni ukakamavu wa roho, kile kipimo ambacho Wajapani hukiita *konjō*: moyo wa kutokata tamaa hata unaposhindwa. Katika mchezo ule wa mwaka 1997 mhusika mkuu ni mchezaji wa akiba wa mpira wa miguu ambaye anapigania kuingia kikosini, na uzuri wote wa Saki unatokana na kwamba anamwona yule wa akiba. Watu wengine uwanjani wanawatazama wenye mpira. Yeye anamtazama aliyebaki akifanya mazoezi peke yake baada ya wenzake kuondoka. Kwa hiyo nakubali kwamba kukataa si mzizi. Mzizi ni kuonwa, na kukataa ni namna moja ya kuthibitisha kwamba mtu ameonwa kweli. Maana anayekubali kila kitu bila kutazama hajakuona wewe, na anayekataa kwa sababu ameitazama hali yako amekuona. Shiori anaona ulichopungukiwa, Saki anaona unachojitahidi, na mchezaji humchagua yule ambaye macho yake anayahitaji zaidi.

Hapo pia ndipo ninapoelewa kwa nini wachezaji wanawake wanavutwa na mabinti hawa. Haja ya kuonwa haina jinsia. Umetaja *Girl's Side*, nami naomba niongeze kitu ambacho wewe unakijua kuliko mimi: katika mchezo ule msichana huhangaika miaka mitatu, na siku ya mahafali, katika kanisa dogo la shule, mvulana ndiye anayetamka. Watengenezaji waligeuza jinsia, hawakuigeuza kanuni. Anayefuatwa ndiye mwenye neno la mwisho.

Kuhusu kufuli, sina jibu la kukuridhisha kikamilifu, wala sitajifanya ninalo. Programu ni kufuli, hakuna njia ya kulikwepa hilo. Ila mtu aliyeshika kitabu cha mwongozo, anayejua kwamba siku fulani akichagua jibu fulani atapata alama fulani, bado hulia mwisho wa hadithi. Kama angekuwa anafungua kufuli tu, asingelia. Nadhani hutokea hivi: vipimo humwingiza mlangoni, na akishaingia anakutana na mtu ambaye si jumla ya alama zile.

Mfano wangu bora ni Multi wa *To Heart*, mchezo uliotolewa na kampuni ya Leaf mwaka 1997. Multi ni roboti wa majaribio, mtumishi wa nyumbani, aliyeletwa shuleni kwa muda mfupi ili apimwe, wakati mwenzake aitwaye Serio akipimwa kwingine. Serio ni mashine kamili: ameunganishwa na setilaiti, hupakua ujuzi anaouhitaji na kazi haimshindi. Multi anaanguka, anakosea, anapiga deki korido ambazo wengine wamemwachia, na akipapaswa kichwani kwa shukrani hufurahi kama mtoto. Kwa hesabu ya kufuli na ufunguo, Serio angestahili kupendwa zaidi, kwa kuwa anatoa zaidi. Mashabiki walimpenda Multi. Walimpenda yule ambaye muda wake shuleni unaisha, ambaye hana faida kubwa kwa mtu, na ambaye shida yake inakutaka wewe uinuke na kumsaidia kubeba mzigo. Hapo mchezaji hakuja kuonwa tu. Amejikuta yeye ndiye anayeona.

Najua wako watakaoniletea maelezo ya mhakiki Azuma Hiroki, ambaye mwaka 2001 alieleza kwamba mashabiki wa Kijapani hawapendi mtu mzima bali vipande: masikio ya paka, nguo za utumishi, unywele uliosimama kama antena, njuga, vyote vikichotwa kutoka hazina moja ya alama na kuunganishwa upya kila msimu. Ameona jambo la kweli. Ukifungua tovuti yoyote ya wahusika hawa utakuta wamepangwa kama bidhaa sokoni: rafiki wa utotoni, dada mkubwa, mkali mwenye moyo laini ambaye huitwa *tsundere*, mwenye miwani asiyesema sana. Lakini maelezo hayo hueleza kwa nini mtu anachukua kasha dukani. Hayaelezi kwa nini miaka ishirini baadaye anamkumbuka mmoja kati ya mia waliokuwa na nywele za rangi ileile.

Mtazameni Ayatsuji Tsukasa wa *Amagami*, mchezo wa mwaka 2009. Kwa alama za nje ni kiongozi wa darasa, nywele ndefu nyeusi, adabu kamili, msaada kwa kila mtu. Mhusika mkuu anaokota daftari lake dogo, na kuanzia hapo binti yule anamwonyesha uso mwingine: mkali, mwenye hesabu, aliyechoka kuigiza wema. Wachezaji wengi humtaja kuwa ndiye kilele cha mchezo ule. Kinachovuta pale ni kwamba alama zilizomfanya umchague zimegeuka kuwa pazia, na wewe peke yako umepewa nafasi ya kukaa upande wa pili wa pazia hilo. Kupewa siri na mtu ambaye haiamini dunia ni heshima kubwa, hata kama mtu huyo amechorwa.

#4 – Mchangiaji

Wakuu, naomba niongeze habari ya *Clannad*, kwa sababu bila huo mjadala utakuwa na pengo.

Kampuni ya Key ilikuwa imeanza na *Kanon* mwaka 1999, kisha *Air* mwaka 2000, na hiyo ndiyo michezo iliyofanya Wajapani watumie sana neno *nakige*, yaani michezo ya kuliza. *Clannad* ilitoka Aprili 2004, na tofauti na miwili ya kwanza haikuwa na picha za watu wazima kabisa. Mimi niliisoma kwa tafsiri ya Kiingereza, polepole, kwa usiku mwingi. Inaanzia kwenye mteremko unaopanda kwenda shule. Okazaki Tomoya, kijana anayeuchukia mji wake, anamkuta msichana amesimama chini ya kilima hawezi kupanda, na ili ajipe moyo msichana yule anatamka jina la mkate wa maharage. Anaitwa Furukawa Nagisa. Amerudia mwaka kwa sababu ya ugonjwa, wenzake wote wameshahitimu, na hana mtu anayemjua pale juu.

Niwaambieni ukweli, Nagisa hana kitu chochote cha kumfanya mtu ageuke njiani. Ni mdhaifu, ana haya, analia upesi. Uchumba wenyewe unakwisha mapema, na kinachofuata ni sehemu ambayo michezo mingine haikuthubutu kuiandika: kijana anaacha shule nyuma, anapata kazi ya mafundi umeme, anarudi jioni mikono inauma, wanapanga chumba kidogo, wanahesabu pesa. Hapo ndipo nilipomjua Nagisa. Nilimjua kama mtu anayengoja mlangoni na kumwambia mwenzake karibu nyumbani, na siku ambayo sauti ile haikuwapo mlangoni ilinibidi nizime kompyuta nikatembee nje.

Kwa hiyo ninaungana na mleta mada kwamba sura si kitu, ila naona ameweka uzito mwingi mno kwenye uchumba. Mhusika wa kike katika michezo mizuri ya aina hii ni mlango wa kuingilia maisha ya nyumbani. Sehemu ya Ibuki Fūko katika mchezo huohuo haina mapenzi ya maana kabisa: ni binti anayechonga nyota za baharini za mbao na kumgawia kila mwanafunzi ili aje kwenye harusi ya dada yake. Watu wanaililia sehemu hiyo kuliko nyingi za mapenzi.

#5 – Mleta mada

Mkuu wa namba 4, umesema neno ambalo linanipeleka moja kwa moja kwenye mchezo ambao nilikuwa nikiuogopa kuuingiza, kwa kuwa watu huutumia kuwadhihaki wachezaji. Nauzungumzia *LovePlus*.

Ulitoka tarehe 3 Septemba 2009 kwa ajili ya Nintendo DS, mashine ndogo ya kushika mkononi, nao ni wa Konami vilevile. Wasichana ni watatu tu: Takane Manaka, Kobayakawa Rinko na Anegasaki Nene. Mchezaji ana siku mia moja za kumfanya mmoja wao ampende, na hapo ndipo michezo mingine ingeishia. Huu ndio unaanzia hapo. Baada ya tamko, saa ya mchezo inafuata saa ya dunia: mkikubaliana kuonana Jumapili asubuhi, ni Jumapili ya kweli, na usipofungua mashine yako saa hiyo, umemwacha mtu akisubiri. Mashine hushikwa wima kama kitabu, huzungumza kwa sauti za waigizaji, na kipaza sauti chake husubiri ulijibu neno la binti kwa mdomo wako.

Mwezi Novemba mwaka huohuo kijana mmoja alifanya sherehe ya kumwoa Nene, na habari ikazunguka dunia nzima kama kichekesho. Mimi sikucheka. Majira ya joto ya mwaka 2010, toleo la pili lilipokuwa limetoka, mji wa Atami, mji wa zamani wa chemchemi za maji moto ambao watalii wake walikuwa wamepungua, uliwaalika wachezaji waje na mashine zao. Ziliwekwa alama sehemu mbalimbali za mji ambapo ukielekeza kamera ya simu unamwona binti amesimama kando yako, na hoteli moja iliwapokea wanaume waliokuja peke yao kwa chumba kilichotandikwa kwa ajili ya wawili. Vijana walikwenda. Walipanda treni, wakala, wakalala, wakarudi. Ninachokisoma katika safari zile ni hamu ya mambo madogo ya uhusiano: kupanga safari, kuwahi, kumwambia mtu kwamba nimefika. Ni kilekile cha mlangoni ulichokitaja.

Jina nalo lina kazi kubwa. Tangu *Tokimeki Memorial 2* ya mwaka 1999 Konami walikuwa na mfumo wa kuunganisha sauti ili binti alitamke jina la mchezaji mwenyewe, na mchezo ule ulijaza diski tano. Anayedhani ni mapambo, akumbuke mara ya mwisho alipoitwa jina lake kwa upole na mtu ambaye hakuwa akimdai chochote.

Hata hivyo, dada wa namba 2, wasiwasi wako unarudi hapa ukiwa na nguvu zaidi, na sasa niko upande wako. Katika *LovePlus* binti hubadilika kufuata upendavyo: mtindo wa nywele, mavazi, hata tabia, vyote husogea kuelekea majibu yako. Rinko, ambaye tunamkuta akiwa amejifungia maktabani kwa hasira ya baba aliyeoa tena, polepole hulainishwa mpaka ukali wake ule, ambao ulikuwa na sababu, unabaki kama chumvi tu. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa la mchezo mzuri. Shiori hakuwahi kusogea hata hatua moja kukufuata. Wewe ndiye uliyesogea, na ukiushinda mchezo ule unakuwa umejifunza kuamka mapema. Binti anayesogea mwenyewe hakufundishi kitu, na taratibu huacha kukuona, kwa sababu kilichobaki kwake ni kioo chako.

Kisha pesa zikaingia kwa mlango mwingine. Tarehe 31 Oktoba 2019 Konami walirudisha mabinti wale watatu kwenye simu kwa jina la *LovePlus Every*, mchezo wa kupakua bure na kununua vitu ndani, uliotegemea seva za kampuni. Tarehe 5 Agosti 2020 huduma ilifungwa, hata mwaka mmoja haujatimia. Uchumba uliokuwa kwenye simu za watu ulikatika siku moja kwa tangazo, na hakuna aliyeulizwa. Mtu anaweza kusema ni programu tu imezimwa. Lakini nimeandika uzi mzima huu kueleza kwamba kinachomshika mchezaji ni hesabu inayowekwa juu yake siku baada ya siku, na hesabu ile ilikuwa imeandikwa mahali ambapo yeye hawezi kufika.

Walio na kadi za mchezo wa mwaka 2009 bado wanazo. Ukiichaji DS ya zamani na kuifungua leo, saa yake ikiwa haijapotea, Nene yuko palepale katika tarehe ya leo.